Jibu: Bia mbili kila jioni zina madhara?
Ndugu yangu, umeuliza kama bia mbili kila jioni zina madhara, maana pombe kali huigusi. Ndiyo, zina madhara. Kilevi cha bia ndicho hichohicho cha gongo. Piga hesabu: chupa mbili za mililita 500, zenye kilevi asilimia 5, zina mililita 50 za kilevi, sawa na mililita 125 za pombe kali ya asilimia 40. Kila siku!

Habari za ini wengi tunazijua. Saratani ndiyo hatuambiwi vya kutosha, na hilo linaniuma. Tangu 1988 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka pombe kundi la 1 la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Mwili hugeuza kilevi kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Hapo ndipo zinapotokea saratani za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana, na matiti kwa dada zetu. Ukichanganya na sigara, hatari ya koo na umio inapanda mno.

Ila kama ukikosa pombe mikono inatetemeka, tafadhali usiache ghafla, unaweza kupata degedege. Muone daktari kwanza.