Mtoto aanze bila kuniita: nilivyopanga mahali pa kusomea nyumbani

Serikali ilipotangaza kufungwa kwa shule tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nyumbani kwetu Uyole, hapa Mbeya, tulikuwa na kijana wa darasa la nne, binti wa darasa la awali na kitinda mimba wa miaka miwili. Shule za msingi hazikufunguliwa tena hadi tarehe 29 Juni, na kwa majuma hayo kama 15 mimi na mwenzangu tulilazimika kuwa walimu bila maandalizi yoyote. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa masomo yenyewe. Asubuhi moja niliamua kuangalia saa, nikakuta kwamba katika saa moja ya kwanza dakika 25 zilikwisha kwa kutafuta vitu: penseli ilikuwapo lakini kichongeo hakikuonekana, daftari la hesabu lilikuwa limeingia nyuma ya kochi, rula ilikuwa jikoni. Kila kitu kilipokosekana mmoja aliita "Baba!", na mwenzake naye akaacha kazi yake ili asikilize nitajibu nini.

Kazi yangu ni utunzaji wa stoo ya pembejeo za kilimo, na jambo hilo liliniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu kazini nisingekubali hata siku moja mkulima asubiri dakika 25 ili nimtafutie mfuko mmoja wa mbolea. Tangu hapo nimepima kila ninachokipanga nyumbani kwa swali moja: je, mtoto anaweza kuanza kazi yake bila kuniita? Kama hawezi, tatizo liko kwenye mpangilio, na ni juu yangu mimi mtu mzima kulirekebisha kabla ya kumgombeza.

Nieleze mapema kwamba watoto wangu wote wanakwenda shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria, na sina nia ya kumshawishi mtu yeyote kinyume chake. Ninachozungumzia hapa ni masomo ya nyumbani ya jioni, ya Jumamosi na ya likizo za Juni na Desemba, ambayo kwetu hayakukoma shule zilipofunguliwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta chumba. Tulihamisha vitu kutoka chumba kidogo cha nyuma, tukaingiza meza ya kulia chakula na viti vyake, tukakiita chumba cha kusomea. Watoto hawakukipenda, nami sikuwaelewa mpaka nilipokaa humo mwenyewe mwezi wa sita. Dirisha lake linatazama kusini, na anayeishi Mbeya anajua baridi ya Juni na Julai ilivyo. Kwa kuwa sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kusini hakipati hata mwali mmoja kuanzia asubuhi hadi jioni, wakati sebule yenye dirisha la kaskazini inapata joto kutwa nzima. Mtoto mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kuandika herufi vizuri. Tukaacha wazo la chumba, tukatengeneza meza nyepesi ambayo watoto wawili wanaweza kuibeba, nasi tunaihamisha kufuata majira: Juni na Julai inakaa chini ya dirisha la kaskazini, na mvua zinapoanza mwezi wa kumi na moja inarudi upande wa ukumbini ambako paa halipigi kelele nyingi.

Niseme jambo moja kuhusu baridi, na naomba lisichukuliwe kijuujuu. Zipo familia zinazoingiza jiko la mkaa katika chumba ambamo watoto wanasoma, kisha wanafunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia kabla hajatambua hatari. Wavalisheni watoto sweta na soksi, wafunikeni blanketi magotini, wapeni uji wa moto, lakini jiko libaki nje.

Meza yenyewe ilitengenezwa na fundi seremala wa mtaani kwa mbao za paina kutoka Mafinga. Nilimpelekea vipimo vya mtoto mwenyewe: nilimkalisha kwenye kiti ambacho nyayo zake zilikanyaga sakafu yote, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake kilichokunjwa, nikaongeza vidole viwili. Kwa binti yangu alipokuwa darasa la kwanza kiti kilikuwa na kimo cha sentimita 32 na meza sentimita 55. Kwenye meza ya kulia chakula mabega yake yalikuwa yanapanda mpaka masikioni, naye alichoka baada ya mistari sita. Kwenye meza hii anamaliza ukurasa. Binti huyu ni mashoto, na hilo nalo lilinifundisha jambo. Anayeandika kwa mkono wa kulia anahitaji mwanga utokee kushoto kwake ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari anaouandika, na mashoto anahitaji kinyume chake. Kwa hiyo yeye na kaka yake wanakaa kwenye ncha mbili za meza moja, wakitazamana, na dirisha moja linawatosha wote wawili. Umeme ukikatika jioni, taa ya sola inatundikwa kwenye msumari ulio katikati, juu ya vichwa vyao.

Rafu nayo nilijifunza kwa hasara. Mwanzoni nilitunza vitabu kwenye maboksi ya karatasi yaliyokaa moja kwa moja sakafuni, yakiegemea ukuta. Mvua za mwaka ule zilipokwisha nilifungua boksi la chini nikakuta kurasa zimeshikana kwa ukungu, na kwenye kona mchwa walikuwa wamepita katikati ya vitabu vitatu, wakaacha majalada mazima na ndani udongo. Ilikuwa hasara ya fedha, lakini kilichoniuma zaidi ni madaftari ya kijana wetu ya darasa la kwanza na la pili, ambayo hayanunuliki. Sasa rafu yetu imeinuliwa kutoka sakafuni kiasi cha kupitisha fagio, na imeachana na ukuta kwa sentimita 5, ili hewa ipite na ili mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo tuione mapema. Mbao ni za inchi moja kwa nane, zimekaushwa vizuri kabla ya kupigwa randa, na kila sentimita 80 kuna nguzo, kwa maana mbao ya paina iliyobebeshwa vitabu kwa urefu mkubwa hupinda. Nilishauriwa kupaka oili chafu nikakataa, kwa sababu harufu yake haitoki chumbani na inachafua karatasi.

Katika stoo tunayo kanuni kwamba mali inayotoka kila siku haiwekwi nyuma. Nyumbani nimeifuata kanuni hiyo bila kuongeza lolote. Vitu vya kila siku, yaani madaftari yanayotumika sasa, mkebe, penseli mbili zilizochongwa, ufutio na rula, vinakaa katika sanduku la mbao lisilo na mfuniko, moja kwa kila mtoto, lenye mpini wa kamba. Mtoto analibeba sanduku lake mpaka mezani na analirudisha likiwa na vitu vilevile. Vitabu vya muhula huu viko kwenye rafu iliyo usawa wa macho ya mtoto mdogo, migongo ikitazama nje. Vya mwaka ujao na vya kumbukumbu viko juu kabisa, katika ndoo za plastiki zenye mifuniko inayobana. Vifaa vya kuhesabia vya kitinda mimba, yaani vizibo vya soda 100 na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, vinakaa katika kikapu cha milulu nilichokinunua nikipita Iringa. Kikapu kina mdomo mpana, mtoto anaona kilichomo bila kukimwaga.

Alama za kila mahali tuliziandika wenyewe kwenye vipande vya manila. Kwa asiyejua kusoma bado tulichora. Alama ya mkasi ni mchoro wa mkasi wenyewe uliozungushiwa penseli kwenye ubao wa rafu, na mkasi usiporudi, umbo lake linabaki tupu na kila mtu analiona.

Kila Jumamosi asubuhi tunahesabu stoo. Lipo daftari moja lenye safu tatu za vilivyoingia, vilivyotoka na vilivyobaki, na kwa mwaka mzima binti yangu ndiye aliyekuwa mtunza stoo wetu. Namkumbuka akiwa darasa la pili, amesimama mbele ya rafu na kalamu sikioni kama anionavyo mimi kazini, akaniambia, "Baba, penseli ziliingia 12, zimetoka tano, lakini hapa ziko sita. Kuna mmoja amechukua bila kuandika." Kaka yake aliitoa ile ya saba mfukoni. Sikuwa nimepanga somo la hesabu siku ile, na lilikuwa somo zuri kuliko niliyoyapanga.

Linalopuuzwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni utunzaji wa kazi zilizokwisha kufanywa. Wazazi wengi huchoma madaftari yaliyojaa au huyapeleka kwa wauza karanga. Mimi nataka kila ukurasa uwe na tarehe juu kulia, na kila daftari lililojaa liandikwe kwenye jalada mwezi lilipoanza na mwezi lilipokwisha. Faida yake niliiona mwaka 2022. Binti alirudi na jaribio la kutoa ambalo alikuwa amekosa karibu lote, na ukimwuliza anasema anajua. Nilishusha ndoo, nikapanga madaftari yake kwa tarehe, nikarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa. Kutoa kusiko na kukopa kulikuwa sahihi kila mahali. Kisha nikafika palipoandikwa 42 toa 17, naye alikuwa ameandika 35. Hakuwa amebahatisha: alikuwa ametoa 2 kwenye 7 kwa kuwa 7 ni kubwa, akapata 5, kisha akatoa 1 kwenye 4. Alifanya hivyohivyo katika kila swali lililofuata, na tarehe za kurasa zile zilikuwa za juma ambalo aliugua malaria akakosa siku tatu za shule, yaani siku zilezile mwalimu alipofundisha kukopa. Tulichukua vijiti, tukafungua fungu moja la kumi, na katika jioni mbili jambo likaisha. Bila tarehe zile ningeendelea kumwambia aongeze bidii katika kitu ambacho hakuwahi kufundishwa.

Si lazima kuweka kila karatasi. Mwisho wa muhula tunakaa na kila mtoto, anachagua kazi tano anazozipenda, nami naongeza madaftari ya hesabu na ya kuandika. Karatasi zilizobaki zenye upande mmoja mtupu zinashonwa pamoja kuwa daftari la kufanyia rafu.

Kuhusu vitabu vya kiada, wenye watoto wanaopishana madarasa wawe waangalifu. Nilikuwa nimevihifadhi vizuri sana vitabu vya darasa la kwanza alivyotumia binti mwaka 2021, nikiamini kitinda mimba atavirithi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na darasa la kwanza lilikuwa miongoni mwa madarasa yaliyotangulia, kwa hiyo mdogo wake alipoanza shule mwezi huohuo vitabu vile havikulingana na alichofundishwa. Nilivibakiza vya hadithi kwa ajili ya kujisomea, vingine nikaviondoa kwenye rafu ya muhula ili visimchanganye. Kabla ya kununua au kurithi, fungua kurasa za mwanzo uangalie mwaka wa toleo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomeka bure, nami huko ndiko ninakohakikisha toleo kabla ya kwenda dukani. Simu haiwi kitabu cha mtoto nyumbani kwetu, kwa sababu naondoka nayo asubuhi. Kurasa anazozihitaji kwa likizo nazichapisha na kuzitia katika faili yake.

Nimeulizwa mara nyingi itakuwaje kwa anayeishi chumba kimoja cha kupanga. Wifi yake mwenzangu anaishi hivyo Ilomba na watoto wawili, na kwa kweli mpango wake ni mzuri kuliko wangu wa mwanzo. Ana kipande cha plaiwudi cha upana wa kutosha watoto wawili, amekipiga msasa kingo zote ili kisiwachome, na saa kumi na moja jioni kinalazwa juu ya vigoda viwili karibu na mlango, mwanga unakotokea. Madaftari yapo katika ndoo mbili zenye mifuniko chini ya kitanda, kila moja ina jina la mwenyewe. Penseli zimo katika mfuko wa kitambaa alioushona wenye vijumba sita, umetundikwa kwenye msumari unaofikiwa na mkono wa mdogo. Saa kumi na mbili na nusu plaiwudi inasimamishwa nyuma ya mlango, ndoo zinarudi chini ya kitanda, na mahali pale panakuwa pa kulia chakula.