Mdudu kahamia mmea usio wake? Angalia kwanza nani anamla

Watu wakinitumia picha ya majani yaliyoliwa swali huwa ni moja tu, dawa gani inaua hii kitu, na mimi siku hizi kabla sijajibu naomba picha nyingine: nenda kwenye mmea ule ambao mdudu huyo alizoea kuushambulia, piga picha na huko. Wengi wanashangaa. Ila nimekagua mashamba na bustani vya kutosha kuona kwamba mdudu akianza kula mmea ambao hajawahi kuugusa, jibu mara nyingi haliko kwenye jani peke yake, liko pia kwa wanaomwinda.

Tumezoea kudhani mdudu anafuata utamu. Ni kweli kiasi, kila mmea una sumu zake na kama tumbo la mdudu haliziwezi hapo hakuna mjadala. Sasa fikiria kiwavi ambaye kila siku kuna nyigu wanamtafuta wamtagie mayai mwilini, kuna sisimizi, kuna buibui, kuna ndege. Huyo anaweza kuzaliwa kwenye mmea mtamu kabisa na asimalize wiki. Ndugu yake aliyetagwa kwenye mmea wa hovyo anakonda, anachelewa kukua, lakini anafika utu uzima na anataga. Kizazi kinachobaki ni cha nani? Cha yule aliyekonda.

Na hii sio nadharia ya kwenye makaratasi tu. Kule Alaska kuna kipepeo anaitwa Papilio machaon, wa huko anataga pia kwenye mimea ya familia ya alizeti wakati asili yake ni mimea ya familia ya karoti. Utafiti uliotoka 2004 ulionyesha kwamba ukiwazuia maadui, viwavi wanapona zaidi kwenye mmea wa zamani, ila ukiwaacha maadui wafanye kazi yao matokeo yanageuka, wanaopona zaidi ni wa kwenye mmea mpya. Yaani mmea mpya ni chakula kibovu na bado unalipa.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni nzi wa matunda wa Marekani, Rhagoletis pomonella, ambaye alikuwa anaishi kwenye vitunda vidogo vya mti wa porini unaoitwa hothoni, halafu katikati ya karne ya 19 akaingia kwenye matufaha yaliyoletwa na walowezi kutoka Ulaya. Funza wake kwenye tufaha wanakufa zaidi kwa upande wa chakula, lakini tufaha ni kubwa, funza anazama ndani na mkia wa kutagia wa nyigu haumfikii kirahisi. Basi akapata pa kupumulia. Ila utamu wa hadithi ni kwamba nyigu nao hawakukaa kizembe, Diachasma alloeum akamfuata kwenye matufaha, na leo nyigu wa kwenye tufaha na wale wa kwenye hothoni wameshaanza kutengana kijenetiki. Kwa hiyo usalama wa mmea mpya una muda wake, adui naye anajifunza njia.

Kwa nini anachelewa kufika? Nyigu wengi hawamtafuti mdudu moja kwa moja, wanafuata harufu ya jani lililotafunwa, na wengine wanaikariri harufu ya mmea ambako waliwahi kubahatika. Mdudu akihamia jani lenye harufu tofauti, nyigu anampita. Kuna na suala la nywele za majani. Anayetumia nyigu mdogo anayeitwa Encarsia formosa kuzuia nzi weupe kwenye kitalu nyumba analijua hili, kwenye nyanya nyigu huyu anafanya kazi vizuri, kwenye tango nywele zinampunguzia mwendo na unahitaji wengi zaidi. Nywele za nyanya zenyewe, zile za gundi, zinawasumbua utitiri wawindaji tuliowaleta ili wawale utitiri wekundu wanaoharibu mmea. Mdudu yuleyule, adui yuleyule, mmea tu ndo umebadilisha mchezo.

Mambo yanaweza pia kwenda kinyume. Mdudu anayekua polepole kwenye mmea mbovu anakaa muda mrefu nje akiwa mdogo na laini, na kama maadui wapo karibu wanammaliza kabla hajazoea. Hapo maadui ndo mlango uliofungwa. Ukipiga dawa kali inayoua kila kinachotembea umeua maadui na kuwafungulia wadudu mlango, na mimi hii ndo inanifanya niwe mgumu sana kuruhusu dawa ya namna hiyo shamba zima eti kwa sababu mmea mmoja umeonekana na wadudu wageni.

Kwa hiyo ukiona kitu kama hicho, geuza majani ya mimea yote miwili, mpya na wa zamani, siku hiyohiyo, hesabu idadi sawa kila upande. Tafuta vidukari waliovimba, wakakauka na kuwa rangi ya kahawia, hao wana nyigu ndani, ila wale wenye katundu ka mviringo nyigu keshatoka. Tafuta viwavi waliobeba vifuko vyeupe kama punje za mchele, hao usiwaponde bana, waache, kila kifuko ni nyigu anayekuja. Ukikuta mmea wa zamani umejaa hawa na mpya hauna hata mmoja, umeshapata sababu. Hapo mi huhamisha matawi yenye vidukari waliokauka nayaweka katikati ya mmea mpya, naacha maua madogomadogo yachanue pembeni maana nyigu waliokomaa wanakunywa asali yake, halafu narudi kuhesabu tena baada ya wiki moja. Kama bado hakuna dalili ya adui na majani yanazidi kuisha, ndo napiga dawa, ile inayochagua mdudu wa kuua, na kwenye mmea ule tu.