Kukatwa ushuru wa nyumba si kupewa nyumba

Dada, umeuliza mbona hujaitwa kupewa nyumba ya bei nafuu ya serikali hapa Kenya ilhali payslip yako inakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi. Hiyo 1.5% ya mshahara ni ushuru tu, haiingii kwenye akiba yako. Mwajiri huongeza 1.5% nyingine, nayo pia si yako.

Anza kwa kujisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizo (bomayangu.go.ke), kwa kitambulisho na PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), ujaze maelezo yote, hasa mapato. Ndiyo yanayoamua kundi lako: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu. Usidanganye hapo.

Kisha weka akiba humo humo, hata kidogo kidogo. Wengi hukwama kwa deposit, yaani malipo ya kwanza. Bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya mradi wa Mukuru, Nairobi, ilitangazwa 640,000. Ukihesabu deposit ya 10%, ni 64,000 kabla ya kufikiria malipo ya 3,900 ya kila mwezi yaliyotangazwa. Uliza pia service charge (ada ya kutunza jengo), maana hiyo husahaulika.

Na huyo broka anayekuahidi "kukupandisha foleni", achana naye. Hata ukinunua nyumba ya mtu, kuuza kunahitaji kibali cha maandishi cha Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.