Maswali na majibu: Panzi waliozidi, maji ya Dunga na basi la kwenda Nakuru

Barua za mwezi huu kuhusu miradi ya biolojia shuleni ni nyingi, na karibu nusu yake zinalilia basi. Naanza na hilo ili tulimalize.

Shule yetu iko Nyando. Hatuna basi wala pesa za kukodi. Kidato cha Tatu watafanyaje utafiti wa nyanjani?

Mwalimu mwenzangu, nani alikwambia nyanja ni lazima ilipiwe kiingilio? Pigilia vipande vinne vya mbao upate fremu ya nusu mita kwa nusu mita, kisha wapeleke uwanja wa mpira. Mbele ya goli nyasi zimekanyagwa. Kando ya ua hakuna anayepita. Wahesabu mimea katika fremu 20 golini na 20 uani. Mwanafunzi asitupe fremu anakopenda, maana jicho huvutwa na penye maua. Andika namba kwenye vikaratasi, tia kofiani, chomoeni mbili mbili: zikija 13 na 4, ni hatua 13 kwenda mashariki, 4 kwenda kaskazini, weka fremu hapo hata kama ni kwenye matope.

Mtakuta ukoka umevumilia golini na kishona nguo kimekimbilia uani. Hapo ndipo uulize kwa nini. Ukoka hutambaa, na machipukizi yake yako chini usawa wa udongo; kishona nguo hukulia kileleni, na kiatu kimoja kinamaliza kazi. Hilo hulioni ukiwa ndani ya basi.

Na uwe macho na upishi. Niliwahi kusahihisha miradi ya darasa la wanafunzi 45, na kila mmoja alikuwa amepata mashina 12 ya kishona nguo katika kila fremu. Hata kitalu cha miche hakina nidhamu hiyo. Zile hesabu zilipikwa bwenini kwa tochi, na aliyefundisha kupika ni mwalimu aliyezoea kutoa alama kwa jibu "sahihi".

Naomba orodha ya mada 20 za mradi pamoja na majibu yake.

Hii ni barua ya nne ya namna hii mwaka huu. Kama majibu unayo, mradi ni wa nini?

Tulikamata panzi 40 tukawatia alama ya rangi ya kucha, tukawaachilia. Siku iliyofuata tulikamata 50, wenye alama 10, tukakadiria panzi wote wa uwanjani ni 200. Baada ya wiki tukakamata 48, wenye alama 3 tu, hesabu ikawa 640. Niwaambie wanafunzi waandike ipi? (Kakamega)

Waandike zote mbili, na nakushukuru kwa kutoificha ya pili. Hesabu zenyewe ni sawa: 40 mara 50 gawanya kwa 10, na 40 mara 48 gawanya kwa 3. Kilichobadilika ni panzi. Kanuni hii hudhani kwamba hakuna anayehama, kuzaliwa wala kufa katikati, na kwamba alama haitoki. Sasa jiulize: mliwatia alama panzi wa umri gani? Wachanga wasio na mabawa kamili hujivua ngozi wanapokua, na rangi yenu ikaachwa kwenye ngozi kuukuu chini ya majani. Wenye alama wakipungua, jibu linavimba. Safari nyingine chagua wakubwa wenye mabawa, weka tone dogo sehemu iliyofichika kidogo, kwa sababu panzi mwenye nukta nyekundu mgongoni ni mwaliko kwa ndege. Halafu muulize mtunza uwanja kama alifyeka nyasi wiki hiyo. Mara nyingi alifyeka.

Darasa lililopata 640 na kutafuta sababu limejifunza ikolojia kuliko lililopata 200 likafunga daftari.

Tunataka kuwapeleka wanafunzi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wakaingie majini kukusanya gugumaji. Kuna ruhusa maalumu?

Kabla ya ruhusa, kuna kichocho. Mabuu yanayotoka kwa konokono hupenya ngozi kwa dakika chache tu, wala mtoto hasikii. Mafunjo nayo yana viboko. Hakuna mwanafunzi wa kuingia majini, nasema hakuna. Waombeni wavuvi wawatolee mimea, nanyi mvae glavu ndefu na gambuti mnapoishika. Halafu hesabuni vidoa vyeupe kwenye majani. Ni alama za meno ya fukusi wa Neochetina, walioachiliwa upande wetu wa ziwa mwaka 1997 ili kuligugumia gugu hili. Linganisheni majani machanga na makuukuu, mwone fukusi hula wapi zaidi.

Msilirudishe shuleni kupamba kidimbwi! Kidimbwi hufurika, na mto wa karibu haukuomba zawadi hiyo. Likausheni juani mbali na maji.

Shamba letu la shule Siaya limejaa kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Linafaa kuwa mradi?

Linafaa sana. Gawa shamba la mahindi mara mbili, upande mmoja panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, mwingine acha. Hesabuni kayongo kila wiki tangu linapochomoza. Mizizi ya desmodiamu huichochea mbegu ya kayongo kuota kisha huizuia kushika mzizi wa mhindi, ikafa njaa. Ndiyo kazi ya vuta-sukuma, mbinu ya kupanda mimea inayozuia magugu na wadudu, iliyokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita. Mengine yang'oeni kabla hayajachanua. Mbegu zake ni kama vumbi na hukaa udongoni miaka mingi.

Binti yangu wa Gredi ya 10 hapa Nakuru ameweka mikebe ya maji machafu nyuma ya nyumba, eti ni biolojia. Lini atasoma?

Mama, ndiyo anasoma. Mwambie akuonyeshe: kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha mbu wa Anofelesi, anayeeneza malaria, kinachoning'inia kichwa chini ni cha mbu wa Kyuleksi. Akishakiona hivyo, hatasahau. Ila mikebe ifunikwe kwa chandarua na imwagwe mahali pakavu kabla wiki haijaisha, la sivyo mradi utawauma nyinyi na majirani.

Flamingo wamepungua Ziwa Nakuru. Bado kuna haja ya kuwapeleka wanafunzi?

Kuna haja kubwa kuliko zamani. Ziwa lilipanda, chumvi ikazimuliwa, chakula cha flamingo kikapungua, wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji kama ushahidi. Lakini nenda na swali, si na kamera. Shule nyingi hurudi na picha za kifaru na daftari tupu.

Wanakijiji wameua nyoka. Tumpasue maabara?

Hapana. Kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma.