Startle, surprise au shock?

Umeuliza useme nini kwa Kiingereza pale mlango ulipojibamiza nyuma yako ukaruka: surprise, shock au startle? Hapo ni startle, sina shaka. Hilo ni neno la mwili: mabega yanapanda, moyo unapiga paa, na punde tu yamekwisha. Surprise halidai uruke. Linataka tu jambo usilolitarajia, zuri au baya, hata kama ni barua iliyotulia mezani. Shock ni zito zaidi, mara nyingi la habari mbaya, na athari yake hukaa.

Kinachotuponza ni "kushtuka" letu, maana linabeba yote matatu. Kabla hujatafsiri jiulize: niliruka, sikutegemea, au niliumia moyoni?

Astonish liwekee mshangao mkubwa, ule wa kupigwa na butwaa. Asili yake ya Kilatini ina ngurumo ya radi ndani, na mimi hulikumbuka kwa hiyo.

Halafu angalia sarufi, wengi huteleza hapa. Andika "The door startled me" au "I was startled". Ukiandika "I was startling", umesema wewe ndiye uliyewashtua wengine.