Nusu ya viti: kwa produsa wa tamthilia anayeanza

Usitafute waigizaji kabla hujapata haki ya mchezo. Kenya na Tanzania, hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi, kisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Tafsiri nayo ina hakimiliki yake, na hapa wengi hunaswa. Shakespeare alifariki 1616, hadai mtu. Lakini Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wake, ni kazi ya Julius Nyerere, aliyefariki 1999, kwa hiyo inalindwa mpaka mwisho wa 2049. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje idadi ya maonyesho, miji, na kama unaweza kurekodi video. "Tuliongea kwa simu" si ruhusa.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Tuseme uko Nairobi na ukumbi una viti 300, maonyesho ni 4, tiketi ni shilingi 1,000. Karatasini una milioni 1.2. Fedha hizo hazipo. Toa viti 20 vya bure kila onyesho (wafadhili, wanahabari, mama zao waigizaji), halafu chukulia kwamba nusu tu ya vilivyobaki vitauzwa: 140 mara 4, yaani 560,000. Tenga asilimia 10 ya dharura, ubaki na 504,000. Gharama za mchezo zikizidi hapo, punguza wahusika au mandhari (mapambo ya jukwaa). Mwongozaji atakayetaka mvua inyeshe jukwaani mwulize kwanza bei ya mvua.

Kinachomaliza bajeti mara nyingi ni vitu vidogo: nauli za usiku, chai ya mazoezi, kufua maleba (mavazi ya jukwaani), gari la kubeba mandhari kwenda na kurudi. Kwenye ukumbi uliza mapema: siku ya kuweka taa jukwaani kabla ya maonyesho inalipiwa? Fundi taa na fundi sauti wamo kwenye kodi ya ukumbi? Umeme ukikatika, jenereta ipo, na mafuta ni ya nani? Mlango unafungwa saa ngapi?

Mazoezi ya wiki 6, jioni 4 kwa wiki, saa 3 kila jioni, yanakupa saa 72, zinazotosha mchezo wa dakika 90. Tarehe zote ziandikwe kwenye mkataba, maana waigizaji wengi wana kazi nyingine mchana. Mwigizaji akianza kukosa wiki ya nne, kabla ya kumlaumu angalia kama nauli yake imelipwa. Tuma kwa M-Pesa jioni ileile.

Usiingie ukumbini kwa mara ya kwanza siku ya ufunguzi. Taa na sauti zinahitaji siku nzima na waigizaji wakiwa na maleba, la sivyo mhusika mkuu atasema maneno yake gizani huku taa ikimulika kiti.

Maonyesho ya shule, ya vitabu teule (vile vya fasihi vinavyotahiniwa), hubeba kampuni nyingi za Kenya, ila yana mitego. Barua zifike kwa walimu wakuu mwanzoni mwa muhula. Chukua amana; shule isiyolipa chochote huahirisha asubuhi yenyewe. Tangaza saa tatu na nusu, anza saa nne, maana basi moja lazima lichelewe. Hesabu wanafunzi kwa vichwa mlangoni, si kwa barua ya mwalimu.

Anayeuza tiketi asiwe anayezichana mlangoni. Vipande vya tiketi vihesabiwe pamoja na fedha usiku huohuo, watu wawili watie sahihi kabla taa za ukumbi hazijazimwa.