Maswali ya Wasomaji: Kwanini Gemu za Zamani Zilijaa Kuta?

SWALI: Habari mhariri, mimi napenda sana gemu za kompyuta za zamani na sasa hivi niko na Wizard of Wor ya Commodore 64. Kuna mazimwi yanapotea kabisa kwenye skrini alafu ghafla yako mbele yako ushakufa, ni programu mbovu au? Na kwanini gemu za kipindi kile nyingi ni mizingile, kuta tupu?

JIBU: Programu nzima kabisa ndugu yangu. Zimwi aitwaye Burwor anaonekana muda wote, ila wenzake Garwor na Thorwor ndo wenye tabia ya kujificha, we tazama ile rada ya chini, pale hawafichiki. Mtu akizoea kupiga jicho kwenye rada huku anatembea gemu inabadilika kabisa.

Sasa kuta. Commodore 64 ilitoka 1982 ina kumbukumbu ya kilobaiti 64, na skrini yake imegawanywa visanduku 40 kwa 25, yaani 1,000, kila kisanduku baiti moja tu inayosema hapa chora herufi gani. Mtengenezaji anachora upya herufi chache ziwe vipande vya ukuta, anazirudia rudia, mzingile umekamilika, wakati kuchora nukta moja moja kwa 320 kwa 200 ni baiti 8,000. Na hao mazimwi ni spraiti, yaani vipicha vidogo vinavyotembea peke yake, chipu ya picha inaweza kushika 8 kwa mpigo na zinapita juu ya picha bila kuifuta. Tena kwenye korido zimwi halihitaji akili nyingi, likifika njia panda linachagua upande basi, prosesa inapumua.

Ila mimi anayenikosha zaidi ni Alan McNeil na gemu yake ya Berzerk ya 1980, ile ya mashine za kuweka sarafu za kampuni ya Stern. Vyumba havikuhifadhiwa popote! Namba ya chumba ndo inazalisha kuta, ukirudi unazikuta vile vile. Alafu akamuweka adui anaitwa Evil Otto, ukizubaa anakuja anadundadunda na kupita katikati ya kuta ambazo wewe ukizigusa tu umekufa, na risasi hazimfanyi kitu. Huo ndo ufundi. Kwenye kompyuta za Atari tafuta Shamus ya Synapse Software, 1982, inachezwa kwa mtindo wa Berzerk ila ina funguo za kutafuta, na ukikaa sana chumba kimoja kuna kivuli kinakufuata.

SWALI: Mbona kwenye kompyuta ya ZX Spectrum mchezaji akipita karibu na ukuta rangi zinaingiliana?

JIBU: Kila mraba wa nukta 8 kwa 8 unaruhusiwa rangi mbili tu, ya mchoro na ya nyuma yake, na kompyuta hiyo haina chipu ya spraiti, kila kitu kinachorwa na programu. Ndo maana gemu nyingi zake utakuta mchezaji na ukuta wamepewa rangi moja.